Mama mkwe aliwafundisha watoto wangu kuogopa zimwi badala ya maji

Wakuu, habari za jioni. Wekeni chai karibu, kwa sababu leo nimekuja hapa nikiwa nimejaa hadi shingoni. Ninayoandika yalitokea kwangu, kwa watoto niliowazaa mwenyewe, na chumvi sijaongeza. Nikiongeza, mnikamate.

Na kabla mtu hajaniambia namkosea adabu mama mkwe, tafadhali soma kwanza hadi mwisho.

Kwa wasionijua, mimi ni Mkikuyu wa huku huku. Wazazi wangu walikuja zamani kufanya biashara, mimi nikazaliwa, nikakua, nikaolewa na Mkipsigis. Tunaishi karibu na Kaplong. Shamba letu linaanzia barabarani na kuteremka, majani chai matupu, hadi chini kabisa mtoni.

Nina duka la nafaka mjini. Mume wangu anaendesha lori la kubeba majani chai kwenda kiwandani, kwa hiyo mchana hayuko.

Watoto ni wawili. Cherop ana miaka sita, yuko Grade One, na jina lake wanapewa wasichana waliozaliwa mvua ikinyesha. Ndugu yake Kiprono ana miaka mitatu na kazi yake duniani ni kumfuata dada yake.

Sasa mto. Nikisema mto msifikirie kitu cha maana. Wakati wa kiangazi kuku anavuka bila kulowa magoti. Tumepanga mawe ya kuvukia, katikati kuna jiwe moja pana, na ng'ambo tuna kipande cha nyasi ambapo tunafunga ndama.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Kila mtu huku atakuambia, "Aah, huo ni mto kweli?"

Lakini mvua ya huku mnaijua. Inaanzia juu, upande wa msitu. Wewe huku chini umeanika nguo, jua linawaka, unasikia tu ngurumo kwa mbali. Kabla tone la kwanza halijakuangukia, maji ya kule juu yameshafika kwako yakiwa rangi ya udongo, yamebeba vijiti na majani. Mtu mzima anajua. Mtoto atajuaje kama hakuna aliyemwambia?

Shuleni wanafundishwa rangi, wanafundishwa alfabeti, wanafundishwa kuvuka barabara. Barabara yenyewe inapitiwa na boda mbili na ng'ombe. Mto wanauruka kila siku na hakuna anayesema kitu.

Basi, mama mkwe. Watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya, na mimi pia namwita hivyo kwa heshima. Anaishi nasi na ndiye hubaki na watoto nikiwa dukani. Sitaki mnielewe vibaya, huyo mama nampenda. Mtoto akipata homa, yeye ndiye anakesha.

Ila ana njia yake ya kufundisha, na hiyo njia ndiyo imenileta hapa.

Kogo aliwaambia watoto kwamba pale kwenye kina, chini kidogo ya mawe, anaishi Chemosit. Hilo ni zimwi la hadithi za huku. Lina mguu mmoja, mdomo mwekundu kama makaa, na chakula chake ni watoto wasiosikia.

Kusema ukweli, anasimulia vizuri sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa hapo jikoni nikichambua maharagwe na nywele zinasimama. Na kwa muda ilifanya kazi. Hakuna mtoto aliyekaribia mto.

Kabla mtu hajaanza mambo ya kabila kwenye komenti, mama yangu alitutishia irimu, zimwi letu la Kikuyu, na yeye ni wa duka, si wa shamba. Hii tabia ni yetu sote.

Shida ilianza Kiprono alipokataa kuoga. Ukileta karai la maji anapiga nduru, kwa sababu kama Chemosit anaishi majini, nani amehakikisha hayumo kwenye karai? Hoja ya mtoto wa miaka mitatu hiyo.

Nikamwambia Baba Cherop aongee na mama yake. Mnajua alichonijibu? Eti yeye alilelewa na Chemosit na ako hapa anakula ugali. Halafu akaomba aongezwe mboga.

Nikaamua kufanya kazi mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa nikawa nawashika watoto mkono, tunateremka hadi kwenye ukingo. Tunatupa jani majini, tunaangalia linavyokimbia. Tunachomeka fimbo tuone kina. Nikawaambia maji yakibadilika rangi, panda juu. Ukisikia ngurumo, hata kama jua linawaka, panda juu. Mwenzako akiteleza usimfuate ndani, kimbia upige kelele mtu mzima aje.

Nikaona nimefanya la maana. Nikajisifu hata.

Cherop akasikiliza yote, akaangalia kile kina, akaniuliza, "Na Chemosit?"

Wakuu, niambieni ningejibu nini. Niseme hayupo, nimemwambia mtoto kwamba nyanya yake ni mwongo. Nyumba ya kuolewa hiyo, na mwenye nyumba amekaa pale juu anatuangalia. Nikasema, "Muulize Kogo."

Na Cherop si mtoto wa kuambiwa aulize. Ni yule mtoto ambaye ukimwambia jua linazama, anataka kujua linalala na nani. Akamwandama Kogo siku nzima. Chemosit ana bibi? Anakula nini watoto wakiwa shule? Mbona hawali wamama wanaofua pale mtoni?

Kogo hajawahi kukosa jibu maishani mwake. Akasema wamama hawaliwi kwa sababu Chemosit hapendi sabuni.

Siku iliyofuata nikafua suruali ya Kiprono, nikapata kipande cha sabuni mfukoni. Alikuwa anatembea nacho kama askari na bunduki. Nikacheka, niwaambie ukweli. Nikampigia dada yangu tukacheka wote. Laiti ningejua hiyo njia ya majibu inaelekea wapi.

Sasa ikafika likizo ya Aprili, mvua zenyewe zile.

Siku hiyo nilifunga duka mapema kwa sababu wingu upande wa msitu lilikuwa jeusi na mahindi yangu yalikuwa juani nyumbani. Nikashuka kwa boda pale barabarani. Jua bado linawaka. Ngurumo ikalia kwa mbali, ile nzito inayojikokota, na nikaanza kukimbilia mahindi.

Kogo alikuwa jikoni anaosha vibuyu vya maziwa. Nikauliza watoto wako wapi. Akasema wanacheza.

Wanacheza wapi? Hapo nje.

Hapo nje hakukuwa na mtu. Nikazunguka nyumba, nikaangalia kwa ng'ombe, nikaita. Kimya. Viatu vya Kiprono vilikuwa vimepangwa vizuri sana kando ya njia ya kuteremka mtoni, kama vya mtu aliyeingia kanisani.

Sijui niliteremkaje. Gumboots zile za shamba nilikuwa nimezivaa au nilizivaa njiani, hata sikumbuki. Nakumbuka tu majani chai yakinichapa mapajani.

Nikawaona. Wako wote wawili kwenye jiwe pana katikati ya mto, wamechuchumaa, wanajenga boma la matope. Wametulia na wana furaha, huku maji yanayopita pande zote mbili yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Vijiti vinapita. Jiwe la kwanza la kuvukia lilikuwa tayari limefunikwa.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Nikaita majina yao.

Cherop akainua kichwa, akaniona. Akaweka kidole mdomoni. Halafu akanong'ona kwa ile sauti ya mtoto inayosikika hadi barabarani:

"Mama, usimwamshe."

Nikaita tena. Akakunja uso kwa hasira, akamziba Kiprono mdomo kwa mkono wa matope, na wakabaki pale pale. Kadiri nilivyopiga kelele, ndivyo walivyozidi kujikunyata. Mtoto wangu mwenyewe alikuwa ananifanyia ishara ninyamaze, na maji yanapanda nyuma yake.

Mimi kuogelea sijui. Nani huku kwetu anajua? Ukitaka kucheka, cheka, halafu jiulize kama wewe unajua.

Nikaingia. Maji yalikuwa chini kidogo ya magoti lakini yanavuta. Nilikuwa natafuta mawe kwa miguu, hayaonekani. Nilipofika nikamkamata Kiprono kwa shati, nikambana kiunoni, nikamwambia Cherop ashike sketi yangu kwa mikono miwili na asiachilie hata nikianguka. Sasa ndipo alipoona uso wangu. Akashika.

Ng'ambo ilikuwa karibu zaidi kuliko nyumbani, nikaenda ng'ambo. Jiwe moja likageuka chini yangu, gumboot ikajaa maji na kunasa. Nikauchomoa mguu nikaiacha. Nilisikia Cherop akivutwa upande, sketi ikakaza kiunoni, nikajua nikisimama tu tumekwisha. Sikusimama. Tukatokea kwenye nyasi kwa magoti.

Tulipogeuka, jiwe pana halikuwepo. Lile boma la matope halikuwepo. Maji yalikuwa yanapita hapo juu kama hapajawahi kuwa na kitu.

Niliogopa pale, wakuu, kuliko nilivyoogopa nikiwa ndani. Nilikaa chini nikawashika wote wawili na nikalia mbele yao bila aibu.

Kogo alikuwa ameshafika upande wa pili. Amesimama na fimbo yake, mkono mmoja kichwani. Anasema kitu, simsikii. Mimi nasema kitu, hanisikii. Na afadhali hakusikia, kwa sababu niliyokuwa nasema hayaandikiki hapa.

Mvua ikatufikia. Kuvuka kurudi haiwezekani, kwa hiyo tukafungua ndama, tukazunguka njia ndefu hadi daraja la barabarani. Mimi na gumboot moja, Kiprono mgongoni, Cherop anavuta ndama.

Njiani nikamuuliza Cherop, polepole, usimwamshe nani?

Akaniambia bila wasiwasi wowote. Chemosit hulala mvua ikinyesha. Hiyo ngurumo ni yeye anakoroma. Ukisikia anakoroma, unaweza kuvuka, unaweza hata kucheza, bora usipige kelele.

Nikasimama hapo barabarani.

Kumbe wiki iliyotangulia Kogo alitaka ndama aletwe kabla mvua haijafika. Goti lake ni baya, hawezi kutembea kwa mawe. Akamtuma Cherop. Cherop akakataa, anaogopa Chemosit. Ngurumo ikalia. Sasa Kogo, ambaye hakosi jibu, akamwambia, unasikia huyo? Amelala. Anakoroma. Kimbia ulete ndama.

Na mtoto akakimbia, akaleta ndama, na hakuliwa. Imethibitishwa.

Mnaelewa? Kitu kimoja nilichowafundisha kwamba wakisikia wapande juu, kikageuzwa kuwa kengele ya kuwaita mtoni. Walikuwa wamekaa kila siku wakisubiri ngurumo ili wakacheze. Na walitii kila walichoambiwa. Hakuna mtoto mtundu katika hadithi hii.

Nilitembea kilichobaki nikipanga maneno. Niliyapanga kwa Kikuyu, nikayapanga kwa Kiswahili, na yale machache ya Kipsigis ninayoyajua.

Tulipofika, moto ulikuwa umewashwa, chai iko tayari, na Baba Cherop amesharudi. Kogo akamchukua Kiprono akaanza kumkausha kwa leso yake. Alimkausha masikio, vidole, kila mahali, halafu akaanza upya. Maneno yangu mengi yakaishia hapo. Hiyo nayo iliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimeyapanga vizuri.

Nikamweleza mume wangu yote, mama yake akisikia, kwa sababu hivyo ndivyo mambo magumu husemwa nyumbani kwetu. Jamaa akasema muhimu ni watoto wako salama. Nikamwangalia. Akaenda kuangalia ndama.

Kogo akasema, "Mama Cherop, mimi nilitaka tu ndama ikuje nyumbani."

Nikamwambia, "Kogo, najua. Lakini wewe ndiye ulimleta huyo Chemosit kwa mto, na mimi siwezi kumtoa. Watoto hawatanisikia. Kesho uwaambie hayuko."

Akasema atawaambia.

Asubuhi akawachukua, tukateremka wote hadi mahali penye kisiki cha mti, mbali na ukingo. Maji yalikuwa yamerudi chini, ya kitoto kabisa, ungefikiri jana tuliota. Ni nyasi tu za ukingoni zilizokuwa zimelala zote upande mmoja. Nikasubiri kwa hamu nisikie mama mkwe akisema ukweli.

Kogo akasafisha koo. Akasema, "Chemosit hayuko tena. Jana maji ilimbeba."

Nikaangalia mbinguni, wakuu. Niliomba uvumilivu kwa sauti.

Lakini Cherop alikuwa anaangalia zile nyasi zilizolala. Akauliza kama Chemosit alikuwa mkubwa. Kogo akasema mkubwa sana. Mkubwa kuliko Baba? Kuliko Baba na lori yake.

"Na maji ikambeba?"

"Ikambeba."

"Sasa mimi na Kiprono?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika hiyo nyumba, Kogo akakosa jibu.

Akaangalia pale palipokuwa na boma la matope. Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, na goti lake lile. Mtoto anasubiri, na mnajua Cherop akisubiri jibu haondoki.

"Ingewabeba," Kogo akasema. "Nyinyi wawili. Na Kogo hangekuwa na mtoto tena." Akajifunika uso na leso.

Cherop akamshika bega. Hakuuliza kitu kingine siku nzima, na hiyo pekee ingetosha kuniogopesha.

Basi ndivyo tulivyo sasa. Miezi yangu ya majani na fimbo ilishindwa na sentensi moja ya uongo na moja ya ukweli, zote za mtu yule yule. Nimekasirika hadi leo. Siku hizi ngurumo ikilia, Cherop anafukuza kila kitu kupanda juu, Kiprono, kuku, ndama, hata Kogo mwenyewe, na Kogo anakwenda bila kubisha. Ndama sasa anafungwa upande wa nyumbani, na kukiwa na kazi ng'ambo, mtu mzima ndiye anayevuka. Jambo ambalo lingewezekana tangu mwanzo kama mtu angenisikiliza.

Gumboot yangu haijapatikana. Kiprono anasema Chemosit aliondoka nayo, na kwa sababu ana mguu mmoja, inamtosha. Anaoga sasa, angalau.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto akiogopa zimwi, ameogopa zimwi. Bado hajayajua maji. Na siku zimwi likipewa likizo, hata kwa sababu ndogo kama ndama, mtoto anabaki na mto ambao hakuna aliyemfundisha. Mwambieni ukweli mapema, mkiwa mmesimama naye ukingoni: maji yanavuta, yanapanda bila kukuambia, na hayachagui. Na muwe mmekubaliana watu wote wa nyumbani, kwa sababu mimi nilifundisha Jumapili na mwingine akafundisha Jumatatu.

Sasa msiniache peke yangu hapa. Nina ombi moja kwa kila mwenye mtoto mdogo na mto karibu. Leo kabla hajalala, muulize kwa nini mto unaogopwa. Usimsaidie kujibu, usicheke, msikilize tu hadi amalize.

Halafu uje hapa chini utuandikie alivyosema, neno kwa neno. Na kama jibu lake lina miguu au mdomo, kesho asubuhi teremka naye mtoni.